Nje nyuzi 46, ndani nyuzi 39, na kiyoyozi kinawaka kutwa: nifanyeje na gari-nyumba hili?

Mchanga Moto (muulizaji)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, na naomba usikawie, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu mama yangu.

Ninaishi kwenye gari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani, urefu wake mita 7 hivi. Kazi imenileta jangwani na itanishika hapa mpaka msimu wa joto uishe, kwa hiyo kuhama kwa sasa siwezi. Mama ana miaka 71 na ninakaa naye. Mchana nikiwa kazini yeye hubaki ndani. Juzi nimerudi saa kumi jioni nikamkuta amekaa sakafuni mlangoni mwa choo, amelowesha khanga na kujifunika kichwani. Hakulalamika hata kidogo. Alisema tu hapo ndipo penye nafuu. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Hali ilivyo: saa kumi jioni nje kivulini kipimajoto kinasoma nyuzi 46, unyevu wa hewa asilimia 9. Ndani, kwenye kochi, nyuzi 39. Kiyoyozi ni kimoja, kiko juu ya paa, BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Tunakiwasha saa tano asubuhi joto linapoanza kuuma, na kuanzia hapo hakizimi mpaka usiku wa manane. Umeme nauvuta kwa waya kutoka kwenye nguzo ya kambi. Gari limeelekea magharibi. Madirishani kuna mapazia mazito ya ndani, na mchana wote tunayafunga.

Nimeshauriwa mambo matatu na watu tofauti: ninunue kiyoyozi cha pili, niweke beseni la barafu mbele ya feni, au ninunue kile kipoza hewa kinachotumia maji. Yote matatu sina uwezo nayo kwa pamoja, na sitaki kukosea huku mama akiendelea kukaa sakafuni. Nianze na lipi?

Fundi Kompresa

Pole sana mkuu, na mpe mama pole zetu.

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo kimoja. Chukua kipimajoto, kiweke pale kiyoyozi kinaponyonya hewa ya ndani, subiri dakika kumi, andika. Kisha kiweke kwenye tundu linalotoa baridi, subiri tena, andika. Toa kimoja kwenye kingine. Kiyoyozi cha paa kilicho kizima hushusha hewa kwa nyuzi 8 hadi 12 kwa kila mzunguko. Ukipata 4 au 5, mashine inaumwa na tutajua pa kuanzia. Ukipata 10 au 11, mashine inafanya kazi yake yote na lawama si yake.

Nasema hivi kwa sababu nimekwishaona watu wakibadilisha viyoyozi vizima, halafu kipya kinakuja kushindwa vilevile.

Mchanga Moto

Fundi, nimepima leo saa tisa na nusu. Inaponyonya 39, inapotoa 28. Tofauti ni 11.

Fundi Kompresa

Basi mashine yako ni nzima. Inachokifanya ni kupoza hewa ya nyuzi 39 ikawa 28, halafu hiyo 28 inamezwa na kuta kabla haijamfikia mama. Gari linaingiza joto haraka kuliko kiyoyozi kinavyolitoa. Kumbuka pia kwamba ile namba 13,500 hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35. Nje kukiwa 46, kondensa, ile sehemu ya juu ya paa inayotupa joto nje, inapata shida kutupa joto kwenye hewa ambayo yenyewe ni moto, na nguvu hupungua.

Kuna mambo mawili ya kukagua ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, fungua kile kifuniko cha plastiki cha darini. Utaona chumba kidogo kimegawanywa na ukuta mwembamba: upande mmoja hewa ya moto inapanda, upande mwingine ya baridi inashuka. Ukuta huo mara nyingi una nyufa, au umefungwa kwa gundi iliyokwisha kukauka. Hewa ya baridi inapenya na kunyonywa tena hapohapo bila kufika chumbani. Ziba kila ufa kwa utepe wa alumini, usitumie utepe wa kawaida kwa maana utabanduka. Pili, panda juu, ondoa kava, uangalie mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba vilivyopangana. Vumbi la jangwani huyaziba kama blanketi. Zima umeme kwanza, yapulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na yaliyopinda uyanyooshe taratibu.

Halafu shika huo waya unaovuta umeme, kiyoyozi kikiwa kimewaka kwa saa moja. Ukiwa wa moto mkononi, ni mwembamba au ni mrefu mno. Umeme ukifika umeshuka zaidi ya sehemu moja ya kumi, kompresa, yaani pampu ya kiyoyozi, inavuta mkondo mkubwa zaidi wa umeme, inachemka, na siku moja itakata mchana wa saa tisa wakati mnaihitaji kuliko wakati wowote.

Bi Turubai

Mwanangu, nimesoma habari ya mama yako na khanga yake kichwani nikaona nisilale kabla sijakuandikia. Nimekaa kwenye gari-nyumba misimu sita ya joto kavu, mimi na marehemu mume wangu, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi. Kwa hiyo nitasema ya gari na nitasema ya mama.

Hayo mapazia ya ndani ndiyo kosa la kwanza, na ni kosa la kila mtu. Jua likishavuka kioo limekwisha kuingia nyumbani. Linalipiga pazia, pazia linapata moto, na moto huo hauna pa kwenda isipokuwa chumbani. Kinga lazima iwe nje ya kioo. Na wewe umeuelekeza uso wa gari magharibi! Jua likimulika kitu likikielekea moja kwa moja huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Kioo cha mbele cha gari kama lako hakipungui mita mbili za mraba, na alasiri jua linashuka likikitazama machoni. Hata tukisema robo ya jua inarudishwa, bado umewasha hita ya zaidi ya wati elfu moja karibu na kiti cha dereva, saa zilezile ambazo hewa ya nje ndiyo kali kuliko zote. Kiyoyozi chako chote, siku yake njema, kinatoa joto la wati 4,000 hivi. Robo ya nguvu yake, au zaidi, inaliwa na kioo kimoja.

Kwa hiyo kesho alfajiri, kabla ya jambo lingine lolote, geuza gari. Kama uko kaskazini ya ikweta, uso wake utazame kaskazini. Kama uko kusini, utazame kusini. Unataka kioo kikubwa kisione jua la mchana kabisa, na ubavu utakaotazama magharibi uwe ule wenye turubai la kukunjua. Ukiweza kuegesha mahali ambapo kilima au jengo litakukinga na jua kuanzia saa tisa, hapo umepata zaidi ya kiyoyozi cha pili.

Kisha funika kioo cha mbele kwa nje. Mimi nilitumia turubai jeupe lenye vitanzi, nikalifunga kwenye vioo vya pembeni na kwenye bampa. Madirisha ya ubavuni niliyawekea wavu mzito wa kivuli, ule wanaoufunikia vitalu vya miche, nikiuning'iniza mbali kidogo na kioo ili hewa ipite katikati. Hilo la kuacha nafasi ni muhimu. Kivuli kinachogusa ukuta huupa ukuta joto lake, lakini kivuli kilichoachana na ukuta kwa upana wa kiganja huacha upepo ulibebe. Angalizo: ikiwa madirisha yako ni ya plastiki ya tabaka mbili, usiyabandike foili moja kwa moja kwa ndani. Foili hurudisha joto kwenye plastiki na dirisha hupinda. Langu moja lilijikunja mchana mmoja tu na halikurudi.

Paa nalo. Panda ulipangusie mkono. Mkono ukirudi na vumbi la kahawia, paa lako si jeupe tena. Lioshe. Paa jeupe safi hurudisha sehemu kubwa ya jua, paa lililochakaa hulinywa. Kama una paneli za sola zilizoinuliwa, zinakupa na kivuli pia. Na yale matundu ya darini yenye vifuniko vya plastiki, kila kimoja ni jua dogo juu ya kichwa cha mama yako. Kata godoro la sponji kwa kipimo cha tundu, lisokomeze kwa kubana. Sisi tulifanya hivyo mwaka wa pili, na nilijuta mwaka wa kwanza wote.

Halafu punguza nyumba. Huna haja ya kupoza mita zote saba. Tundika blanketi zito nyuma ya viti vya dereva, kutoka dari hadi sakafu, sehemu ya mbele uiache ijichomee peke yake. Mama akae nyuma. Kiyoyozi kilekile sasa kina chumba kidogo zaidi cha kuhudumia.

Na saa tano ni kuchelewa. Kufikia saa tano magodoro, makabati, vyombo na kuta zimekwisha kula joto, na kila kimoja kitalirudisha taratibu mpaka usiku. Usiku jangwani hewa hushuka sana, mara nyingi nyuzi 15 au zaidi chini ya mchana. Jua likishazama na nje kukipoa kuliko ndani, fungua madirisha ya chini na uwashe feni ya paa itoe hewa nje, ili baridi iingie kwa chini na moto utoke kwa juu. Fungua na makabati. Alfajiri, ile saa vipimajoto vya ndani na nje vinaposoma sawa, funga kila kitu na washa kiyoyozi hapohapo, hata kama mama atasema hakuna joto bado. Unalinda ubaridi ulioupata bure usiku.

Sasa ya mama. Feni peke yake kwenye hewa ya zaidi ya nyuzi 40 haimpozi mtu, inampuliza kwa moto, na mzee hatoi jasho kama wewe. Feni na kitambaa kibichi ni jambo lingine kabisa. Khanga yake ile ilikuwa akili sahihi. Mwekee na beseni la maji ya kawaida la kutia miguu. Anywe kwa saa, asingoje kiu, kwa sababu kiu ya mzee huchelewa. Niambie, anatumia dawa ya presha? Baadhi yake ni zile za kukojoza maji, na hizo kwenye joto kali zinahitaji daktari azijue. Usimsimamishie dawa wewe mwenyewe, lakini mpigie daktari kesho. Ukimkuta anaongea maneno yasiyofuatana, au anapepesuka, au ngozi ni ya moto na haeleweki, hilo ni joto limefika kichwani. Usianze kutafuta gari. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, huku mwingine anaita msaada. Dakika zile za kwanza ndizo zinazookoa.

Kame

Shikamoo Bi Turubai, umenifundisha. Mimi sina kiyoyozi kabisa. Ninaishi kwa umeme wa jua na kipoza hewa cha maji, mwaka wa tatu huu, kwa hiyo nijibu hiyo sehemu.

Mkuu Mchanga Moto, achana na barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inachukua kilojuli 334 za joto. Kilo moja ya maji ikikauka ikawa mvuke inachukua karibu 2,400. Yaani maji ya kawaida yakikauka yanapoza mara saba kuliko barafu ile ile ikiyeyuka, na barafu hiyo imetengenezwa na friji ambayo imemwaga joto lake humohumo chumbani. Kama barafu unaitengenezea ndani ya gari, unajipasha moto.

Hiyo ni kazi ya mtungi wa udongo. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu yanatoka jasho kwenye udongo, upepo unalichukua, na linaondoka na joto. Kipoza hewa ni hivyohivyo: pampu ndogo inalowesha pedi, feni inavuta hewa ya nje kupitia pedi hiyo. Kwa hewa yako ya nyuzi 46 na unyevu asilimia 9, ukivalisha kipimajoto kitambaa kibichi na kukipepea kitashuka mpaka 21 au 22. Huo ndio ukomo. Pedi nzuri inakufikisha robo tatu ya njia au zaidi kidogo, kwa hiyo hewa itakayotoka ni ya nyuzi 27 hivi. Changu kinakula wati 55. Kiyoyozi chako kinakula kama 1,500.

Wengi wanaosema kipoza hewa hakifanyi kazi wamekifungia ndani. Wanafunga madirisha kama wenye kiyoyozi, kinazungusha hewa ileile, baada ya nusu saa chumba ni mvuke na jasho halikauki. Kinyume chake ndicho sahihi. Kipoza hewa kinyonye hewa ya NJE, na upande wa pili wa gari pawe na dirisha wazi la kutolea. Mimi natumia kipande cha karatasi laini: nakiachilia kwenye wavu wa dirisha la kutolea. Kikinata polepole, uwazi unatosha. Kikibanwa kwa nguvu, naongeza uwazi. Kikianguka, hewa inatokea kwingine. Na dirisha unalofungua ndilo linaloamua ubaridi unapita wapi. Mama akilala kitandani nyuma, kipoza hewa kiwe katikati na dirisha liwe la kitandani.

Gharama yake ni maji. Siku za nyuzi 46 changu kinakunywa lita 4 kwa saa. Saa kumi ni lita 40, na kama huna bomba karibu utayahesabu. Pia siku ambazo mawingu yanakuja na unyevu unapanda, usikitegemee. Nyuzi 45 zilezile zikiwa na unyevu asilimia 30, ukomo wenyewe unapanda mpaka karibu 29, na utapata hewa ya nyuzi 32 yenye maji maji.

Fundi Kompresa

Naunga mkono, ila naongeza hili kwa herufi nzito: usiwashe vyote viwili pamoja katika chumba kimoja. Kipoza hewa kinatia unyevu, kiyoyozi kinapoteza nguvu zake kuugeuza tena kuwa maji na kuyadondosha nje. Na kimoja kinataka dirisha wazi, kingine kinataka limefungwa. Chagua kimoja kwa kila saa. Ningekuwa mimi: kiyoyozi kwa siku za kawaida, kipoza hewa kiwe cha akiba umeme ukikatika, kwa sababu kinaendeshwa na betri.

Friji yako ni ya aina gani? Kama ni ile ya gesi na umeme, isiyo na kompresa, inatupa joto kupitia matundu ya ubavuni, na nje kukizidi nyuzi 38 huanza kushindwa. Ubavu huo usiutazamishe magharibi, na weka feni ndogo nyuma yake isukume hewa ya moto ipande itoke. Gari pia lisimame sawasawa, kwa maana aina hiyo inategemea mteremko wa kimiminika chake. Kama ndani ya friji hamna ubaridi, dawa za mama zinazotakiwa kuwekwa baridi nazo ziko mashakani.

Na betri zako kama ni za lithiamu, soma kibandiko chake kabla ya kuzichaji kwenye boksi la nje lililochomwa na jua. Nyingi zina ukomo wa kuchaji karibu na nyuzi 45 hadi 55, na mfumo wake hujizima wenyewe. Zihamishie ndani, chini ya kitanda, ambako mnapoza.

Mchanga Moto

Mama Bi Turubai, shikamoo na asante. Ndiyo, ana dawa ya presha na mojawapo ni ya kukojoza. Nimempigia daktari asubuhi hii. Ameibadilisha saa ya kuinywa na kunipa kiwango cha maji cha kufuata, na mama amekibandika kwenye kabati kwa mkono wake.

Gari nimeligeuza saa kumi na moja alfajiri. Lilikuwa limekaa mahali pale miezi miwili na sikuwahi kufikiria kwamba kuligeuza tu ni dawa. Turubai la kioo cha mbele nimelifunga. Paa nimeliosha ndoo nne, na ndoo zote zimetoka na tope.

Swali: friji ni ya kompresa, kwa hiyo hapo sina wasiwasi. Lakini fundi, umetaja umeme kukatika. Hapa hukatika. Ikitokea saa nane mchana na mimi niko kazini, mama peke yake, ana muda gani?

Bi Turubai

Mwanangu, usimpimie muda. Umeme wetu ulikatika mchana wa siku kama hiyo, na mume wangu alisema tusubiri, utarudi. Baada ya saa moja na nusu alikuwa ananiuliza swali lilelile mara ya tatu. Nilimpoza kwa maji yote tuliyokuwa nayo, na alipona, lakini mimi sikupona hofu ile.

Kwa hiyo mpango uandikwe leo. Kipimajoto kikubwa anachoweza kukisoma bila miwani kiwe mbele yake. Kikifika 35, hangojei: anahamia kwenye kipoza hewa cha betri, au anakwenda kwa jirani mwenye jenereta mliyekwisha kuongea naye. Jirani amfahamu mama kwa jina na apite kumtazama saa nane na saa kumi. Tafuta pia kengele ya joto inayotuma ujumbe kwenye simu yako. Na kama mna gari lingine dogo, lijazwe mafuta kila jioni. Kupanda mlima mita 1,000 tu hukushushia nyuzi 6 mpaka 10. Sisi siku mbaya tulikwenda juu mlimani tukashinda kivulini, tukarudi usiku.

Ukiwasha jenereta yoyote, moshi wake uwe mbali na madirisha na upande unaoelekea upepo unakokwenda, na king'ora cha moshi wa sumu kiwe kinafanya kazi. Kipoza hewa kinachonyonya hewa ya nje karibu na jenereta kitamletea mama moshi huo kitandani.

Mchanga Moto

Wakuu, leo ni siku ya tisa, nimeona nirudi na namba.

Jana saa kumi jioni: nje 46, ileile. Ndani, nyuma ya blanketi, 29. Mbele kwenye kiti cha dereva, upande wa pili wa blanketi hilohilo, 41. Nimesimama katikati nikaweka mkono mmoja huku na mwingine kule, nikashindwa kuamini kwamba ni gari moja. Kiyoyozi, ambacho kilikuwa hakizimi kutwa, sasa kinajizima chenyewe asubuhi mpaka karibu saa sita mchana.

Fundi, ule ukuta mwembamba ndani ya kifuniko cha dari ulikuwa na ufa wa kupitisha vidole viwili. Nimeuziba kwa utepe wa alumini. Waya nao ulikuwa wa moto. Nimeubadilisha kwa mnene na mfupi, na mngurumo wa kompresa umebadilika, umekuwa mzito na mtulivu.

Kilichosaidia zaidi kwa kipimo changu ni kuligeuza gari na kufunika vioo kwa nje. Siku ya kwanza ya hayo mawili peke yake, kabla ya ufa na kabla ya blanketi, ndani ilisoma 34. Naandika hivi kwa atakayepita hapa baadaye akiwa na fedha kidogo.

Umeme umekatika mara moja, juzi, dakika hamsini. Kipoza hewa nilikuwa nimekwisha kukifunga dirisha la katikati. Mama alikiwasha mwenyewe, akafungua dirisha la kitandani kiganja kimoja kama Kame alivyoeleza, akaweka na karatasi. Niliporudi kipimajoto kilisoma 31 pale kwenye mto wa kitanda. Alikuwa amelala kitandani. Si sakafuni.

Jambo moja limebaki: pedi za kipoza hewa zimeanza kuota ukoko mweupe baada ya siku chache tu. Nizitupe?

Kame

Usizitupe. Hiyo ni chumvi ya maji ya jangwani. Maji yanakauka, chumvi inabaki, na kadiri unavyoongeza maji juu ya yale ya zamani ndivyo inavyozidi. Mwaga maji yote ya trei kila jioni, usijazie tu. Pedi ziloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, uzisuuze, uzikaushe juani. Trei usiiache na maji yaliyolala siku mbili, vijidudu vya mapafu hupenda maji ya uvuguvugu na mama atavivuta. Kila jioni, mwaga, pangusa, acha wazi ikauke.

Msalimie sana mama.